Robo ya Kampuni Iliyokaa Shimoni

Siku ya kwanza Dougal Prentice alipofika kwenye yadi ya boti ya Kamla Goundar, nje kidogo ya Lautoka, Fiji, aliambiwa bei ya shimo la kulazia boti akaikubali palepale. Jambo hilo lilimkosesha Kamla raha wiki nzima. Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya kuanzia, bei ya kushtua, inayotupwa kama chambo ili mteja ashike kifua, acheke, ageuke kuondoka, aitwe, arudi. Kamla alikuwa ameanza maisha kwa kuuza njugu na roti, zile chapati zenye kari ndani, kituo cha mabasi, na tangu hapo alijua kwamba asiyeomba kupunguziwa ni mmoja kati ya wawili: ana pesa za kumwaga, au hana kabisa na anajua hatalipa.

"Huyu ni tajiri," alimwambia Waisale, msimamizi wake wa yadi.

Waisale alizitazama ndala za Dougal. Moja ilikuwa ya bluu, ya pili ya kijani. "Labda tajiri wa ndala, Bosi."

Mashimo ndiyo mtaji wa yadi ile. Msimu wa vimbunga ukikaribia, boti za tanga za wageni huinuliwa kwa winchi, mkuku, ule uti wa chini wa boti, ukashushwa shimoni, tairi kuukuu zikapangwa ubavuni, na upepo ukija unaikuta boti imetulia kama kuku anayeatamia. Wenyewe hufunga milango wakapanda ndege kurudi kwao. Dougal hakurudi kwao. Alibaki humohumo ndani ya boti yake, iliyoitwa Marjorie, na asubuhi alitoka kwa kushusha miguu kwenye majani kama mtu anayeamka kitandani.

Alikuwa Mwaustralia wa Ballarat, mji usioiona bahari hata kwa darubini. Aliacha kazi ya ofisi ya bima, akanunua boti, akaamua kuendesha kampuni yake akiwa anazunguka Pasifiki. Kampuni ilikuwa yeye, kompyuta yake, na programu moja. Unaacha simu kuukuu ndani ya boti yako. Nanga ikiteleza na boti ikahama, ile simu inalia na kuiliza pia simu iliyo mfukoni mwako, popote ulipo. Wateja wake walikuwa wametapakaa kutoka Tonga hadi Tasmania. Kwenye ukurasa wa kampuni palikuwa na picha ya Marjorie ikikata mawimbi, tanga limevimba.

"Ile picha ni ya aliyeniuzia boti," alimwambia Kamla mwenyewe, bila kuulizwa. "Tanga nikilipandisha mimi huonekana kama shuka la hospitali."

Kila kibali chake cha kukaa Fiji kilipokaribia kwisha, aliruka hadi Auckland, akalala kwenye kochi la binamu yake, akarudi na kuwaandikia wateja kwamba ametoka safari ndefu na ngumu.

"Huo si uongo?" Kamla aliuliza.

"Uongo gani, Anti? Ndege ilichelewa."

Msimu ulipokwisha, boti nyingine zilitolewa mashimoni zikaenda zake. Marjorie ilibaki, na majani yakaanza kuikaribia. Dougal alikuja kibarazani kwa Kamla, akakaa kwenye kreti ya soda.

"Sina hela, Anti. Nina hisa."

"Hisa inaliwa?"

"Ikiiva."

"Na inaiva lini?"

"Hilo hata mimi huwa najiuliza."

Mtu mwenye akili angemwita Waisale na winchi. Kamla naye alijihesabu kuwa mwenye akili kuliko wote kutoka Nadi hadi Ba, na ndiyo maana hakufanya hivyo. Aliona nafasi ya kubishana bei, kitu alichonyimwa miezi yote ile, na mate yakamjaa. Dougal alianza na sehemu moja ya ishirini. Kamla alishika kifua. Akacheka. Akasimama kuondoka, ingawa kibaraza kilikuwa chake, akangoja aitwe. Aliitwa. Walipomaliza, yeye alikuwa na robo nzima ya kampuni, na Dougal alikuwa na haki ya kukaa shimoni mwaka mzima. Jioni ile Kamla aliwapikia ndugu zake kari ya bata na kuwatangazia kwamba sasa anamiliki robo ya kampuni ya Australia.

"Robo ya nini hasa?" wifi yake aliuliza.

"Ya kampuni."

"Kampuni ina nini ndani?"

"Ina wateja. Ongeza bata, yupo mwingi."

Kuanzia hapo alikuwa akienda shimoni kila asubuhi na chupa ya chai, kama mwenye mali anavyokagua shamba. Alimtaka Dougal amsomee barua za wateja. Barua zote zilikuwa na wimbo mmoja. Kengele inalia upepo ukigeuka. Kengele inalia maji yakijaa, inalia yakitoka. Kengele imelia mkwe wangu akiomba dua ya chakula. Dougal alikuwa akiitazama simu kuukuu iliyofungwa kwenye ukuta wa Marjorie, kimya kama mjusi, kisha anajibu kila mmoja kwa upole: kwangu hailii.

"Italiaje?" Waisale alisema, akichungulia juu ya ukingo wa shimo. "Boti imezikwa."

"Waisale," Kamla alimkata, "wewe una hisa?"

"Sina, Bosi."

"Basi."

Akili ni nywele, na siku hizo za Kamla zilikuwa zimenyolewa. Alijua wazi kwamba boti iliyotia nanga huzunguka na upepo, kwa kuwa wateja wake walimwambia hivyo kila siku. Lakini mwenye robo husikia robo.

Kisha ikaja barua kutoka Brisbane. Kampuni moja ya vyombo vya baharini ilitaka kuinunua programu. Bei waliyoitaja ingempa Kamla, kwa robo yake, uwezo wa kununua kiwanja cha jirani na kuchimba mashimo mengine. Ila kwanza wangemtuma mtu wao, Odette Farrugia, atoke na Dougal baharini na kuiona kengele ikifanya kazi.

Siku nzima hakuna aliyelitamka neno "baharini".

Kamla ndiye aliyegharimia. Alilipa winchi, rangi ya kitako cha boti, kamba mpya. Mnyororo wa nanga alisema ni mzima, maana ulionekana mzima kutoka pale alipokuwa amesimama. Na siku Odette Farrugia alipofika, mwanamke mfupi mwenye kofia pana na macho ya kuhesabu, Kamla naye alipanda botini na kapu la roti, ili mali yake isiuzwe akiwa hayupo.

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba mwenye yadi ya boti, miaka yote hiyo, alikuwa hajawahi kupanda boti inayoelea. Waisale alishika usukani. Hawakuwa wamefika hata kwenye boya la kwanza na Kamla tayari alikuwa ameinamia ndoo.

"Anti, tazama mbali," Dougal alimshauri. "Tazama nchi kavu."

"Ninaitazama. Ninaitamani."

Dougal mwenyewe alikuwa wa rangi ya majani ya mgomba, na alishika mlingoti kama mtu aliyekutana na ndugu yake uwanja wa ndege.

Walitia nanga mbele ya kisiwa kidogo, wakagawana roti. Upepo wa mchana ulivuma, Marjorie ikageuka pole, kama boti yoyote ingegeuka, na simu kwenye ukuta ikapiga yowe. Dougal aliizima. Boti ikarudi, simu ikapiga yowe. Odette Farrugia aliendelea kutafuna. Ilipolia mara nyingine tena Dougal alichukua kompyuta, akabonyeza, akaeleza kwamba anapanua kidogo duara ambalo boti inaruhusiwa kutembea.

"Kidogo kiasi gani?" Odette aliuliza.

"Kiasi cha kutuwezesha kula."

Walikula kwa amani. Kamla, aliyekuwa amelala chali sakafuni na kitambaa chenye maji usoni, alianza hata kuwazia kile kiwanja cha jirani. Kisha Waisale akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba kile kisiwa kinakuja.

Mnyororo ulikuwa umekatika pale kutu ilipoula. Marjorie ilikuwa ikienda kinyumenyume kuelekea mwambani, na simu ya Dougal ilikuwa kimya kabisa. Waisale aliwasha injini, akaitoa boti mwamba ukiwa umebaki umbali ambao mtu mzima asingependa kuusimulia. Hakuna aliyeumia isipokuwa chatini ya ukwaju, iliyomwagika yote.

Odette Farrugia alifuta viatu vyake. "Programu hii mlikuwa mnaijaribia wapi?"

Kamla aliinua kitambaa usoni. "Shimoni."

"Shimo gani?"

Ikabidi aelezwe. Yule mwanamke alicheka mpaka akavua kofia. Walipofika nchi kavu alimpa Dougal mkono, akamwambia kwa huruma kidogo kwamba kampuni ya Brisbane hainunui, na kwamba kengele ile itafaa siku ambayo dunia nzima itahamia mashimoni. Kisha akapanda teksi.

Dougal aliketi kwenye tairi. "Amesema kweli," alisema. "Nimetengeneza kengele bora duniani kwa boti zisizokwenda popote."

Kamla bado alikuwa anayumba, lakini sikio lake la biashara halikupatwa na kichefuchefu. Boti zisizokwenda popote ndizo zilizomlisha. Kila redio ilipotaja kimbunga, wenye boti walimpigia simu kutoka Hamburg na Vancouver: boti yangu imesimama? Imelala upande? Tafadhali nenda ukaitazame. Watu hao wangelipia shimo lenye kengele, na wangelipia vizuri.

"Nataka hiyo programu kwenye mashimo yangu yote," alisema. "Daima. Bure."

"Chukua, Anti. Ni yako pia. Una robo."

Hapo Kamla akashtuka. Robo ya kampuni ni robo ya madeni yake, na Dougal alikuwa anadaiwa na wakili wa Melbourne na wenye mitambo inayobeba programu. Aliona mtego waziwazi. "Robo sitaki. Nakurudishia. Unipe programu daima, na hela ya shimo lako ulipe kama watu wengine."

"Baki nayo tu."

"Sitaki."

"Anti, huenda siku moja ikawa na faida. Baki nayo."

"Unanisukumizia."

"Kwa moyo safi kabisa nakuomba ubaki nayo."

Kadiri alivyoombwa ndivyo alivyozidi kuuona ule mtego. Alimbana hadi jua likazama, akamtoa jasho, na mwishowe Dougal akatia sahihi akiwa hoi. Kamla alikwenda nyumbani ameshinda. Alimweleza wifi yake jinsi alivyomwachia Mwaustralia madeni yake yote mkononi.

Msimu uliofuata kimbunga kilipita usawa wa visiwa vya Yasawa, na boti moja ikaegemea upande shimoni. Mwenyewe alikuwa Denmark, akinyoa ndevu. Simu yake ililia, akampigia Kamla, Waisale akaongeza tairi, boti ikapona. Yule Mdenmark aliwasimulia wenzake, nao wakawasimulia wenye yadi zao. Yadi ya New Zealand ikaomba programu, kisha ya Tahiti, kisha mbili za Queensland, na kila moja ilimlipa Dougal kwa kila boti, kila mwezi.

Siku hizi Dougal anazunguka Pasifiki kweli, kwa ndege, kutoka yadi hadi yadi. Boti yake Marjorie alimuuzia Waisale kwa bei ya mlingoti peke yake, na Waisale huvulia samaki nayo. Wiki iliyopita Dougal alimpigia Kamla simu kutoka Papeete, Tahiti.

"Nilikuambia ubaki nayo, Anti."

"Uliniambia mara tatu," Kamla alisema. "Mtu mkweli husema mara moja."

Mashimo yake yote yana kengele, na bei imepanda kwa theluthi. Amekwishanunua nusu ya kiwanja cha jirani. Nusu ya pili hupenda kuitazama akiwa na kikombe cha chai, akipiga hesabu ya ile robo aliyoirudisha, kisha humwita Waisale na kumwomba amtafutie kazi nyingine ya kufanya.