Mvua Iliyotukuta Balad

Mwezi uliopita madam aliniambia nifungashe nguo za watoto, tunakwenda Jeddah. Nakaa nao Al-Malqa, Riyadh, mwaka wa sita sasa, na huko mvua ikinyesha watoto hushangilia kama sikukuu. Tulipofika Jeddah ikaanza. Watoto wakataka baiskeli za kukodi pale ufukweni. Nikawakataza kwa ukali hadi mwenyewe nikajishangaa. Madam akauliza, "Una nini leo?" Nikamwambia ni baridi tu. Wewe nitakwambia kweli.

Nilizaliwa Jeddah hiyo hiyo, mtaa wa Karantina, kwa wazazi wa Mombasa. Baba alikuwa dereva wa mzee mmoja, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kukaa nchini. Mama alipika mahamri akiwauzia majirani. Asubuhi zetu zilinukia iliki na mafuta ya moto. Kazi yangu ilikuwa kuliwahi gari la maji na kujaza madumu kabla jirani yetu Msudani hajafika na mapipa yake. Alikuwa akinipisha kila mara, huku akijifanya amekasirika.

Nilipokuwa na miaka tisa, kafili alisafiri na Baba akapata siku yake. Akaitoa baiskeli, ile kubwa nyeusi, kengele yake ikikwaruza kama koo lenye mafua.

"Leo namtembeza mwanangu," akamwambia Mama. "Anaijua Karantina tu."

Mama akatazama juu. "Wee bwana, na mawingu hayo?"

"Mvua ya Jeddah hii? Itatema mate mara mbili, halas."

Nikapanda kwenye keria, nikamkumbatia kiunoni, tukaenda hadi Balad, mji wa kale. Baba akanionyesha lango la zamani, na nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zenye madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, yaliyochongwa mpaka unayaonea huruma. Aliupapasa ukuta mmoja kwa kiganja. "Ndugu za nyumba hizi ziko kwetu Mombasa, Kibokoni," alisema. Tulinunua mkate wa tamis, moto kabisa, tukaula kwa maharage tumesimama. Manyunyu yakaanza tukacheka. Baba alipiga kengele kila kona, nami nikaona kwamba mji wote ni wetu.

Adhuhuri hali ikageuka. Kiza kilishuka, kila kitu kikawa na rangi ya chai iliyokaa. Maduka yakafungwa, watu wakatoweka nisijue wameingilia wapi. Tulibaki sisi na paka. Juu yetu dirisha moja likafunguka kidogo, likafungwa. Sikuona mkono. Baba hakupiga kengele tena.

"Turudi," alisema.

Maji yakafika kwenye mnyororo. Baba akashuka, akawa anaisukuma baiskeli mimi nikiwa juu, hadi tukafika kwenye barabara kubwa. Hapo kuna njia inayopita chini ya barabara, na kutokea upande wa pili ni karibu na kwetu. Mle ndani mlikuwa na kiza kitupu. Baba akasimama, akawa anapima kwa macho. Ndipo tukaisikia sauti ya Mama kutoka humo ndani, wala si mbali.

"Baba Zena! Piteni huku, hapana maji!"

Ilikuwa sauti yake hasa, na kile kikohozi chake kidogo mwishoni. Baba akatabasamu, uso ukamlegea. "Mama yako katufuata," akasema, akaanza kuteremka.

Mama hakuwahi hata siku moja kumwita Baba kwa jina langu. Alimwita "wee bwana", kwa mapenzi na kwa ugomvi. Nikaruka kutoka kwenye keria, nikaanguka majini, nikamng'ang'ania mguu.

"Si Mama! Baba, si Mama huyo!"

"Niache! Huoni anatungoja?"

Alinivuta nikamuuma. Naona haya kukwambia, lakini nilimuuma mpaka akapiga kelele, baiskeli ikamponyoka, ikateleza yenyewe kuelekea chini. Alinyanyua mkono anipige. Hakunipiga, kwa sababu maji yalikuja kutoka upande wa pili yakiwa yamesimama kama ukuta, yakaijaza njia ile mpaka juu. Yalileta gari. Lilitulia chini ya maji, taa zikiwaka, waipa zikienda huku na huku. Ndani sikuona mtu.

Tulirudi kwa njia ndefu, Baba amenibeba mgongoni. Magharibi ilikuwa haijaingia tulipofika. Maji yalikuwa yameshuka, lakini alama yao mlangoni ilimfika Baba kifuani. Akapiga mluzi, kama desturi yake, na Mama akafungua.

"Na ile adhuhuri mbona hukupiga mluzi?" Mama akauliza.

"Adhuhuri ipi?"

"Uliponiita hapo nje. 'Mama Zena, fungua.'"

Baba aliketi chini palepale kwenye tope. Jirani yetu Msudani alikuwa amefungua mlango wake adhuhuri hiyo, na maji yakamchukua. Hatukujua nani alimwita. Alizikwa kesho yake, na muda mrefu nilikwenda kwenye gari la maji bila haraka, sina wa kushindana naye.

Vyumba vyetu vimebomolewa. Niliwahi kupita, nikashindwa kujua gari la maji lilikuwa likisimama wapi. Ni kiwanja kitupu chenye kokoto. Harufu ile ya iliki siipati popote, hata nikipika mwenyewe. Baba ametangulia mbele ya haki. Mama yuko Likoni, na siku ile hatukuizungumza kamwe, mpaka mwezi uliopita nilipompigia simu watoto wakiwa wamelala mchana.

"Yaache hayo, mwanangu," akasema. Nikaanza kumuaga. Akanikatiza.

"Lakini nilikuwa nimeshalishika komeo."