Niligeuza Maneno ya Wifi Mkutanoni

Msinihurumie, sistahili. Nimekosa, na kilichokosa ni ulimi wangu huu.

Wifi yangu, Mbende kwa kabila, fundi cherehani hapa kijijini Kasekese, alimwacha kaka yangu kwa sababu kaka ni mlevi. Halafu akanunua pikipiki, akaiendesha mwenyewe! Mwaka huo huo akagombea uenyekiti wa kijiji. Nilimchukia mpaka nikakonda.

Siku ya kampeni alisimulia habari aliyoisoma, ya mama mmoja wa Marekani, karne ya kumi na tisa. Mama huyo aligombea urais wakati wanawake hata kura hawapigi! Wakamchafua kwa habari za ndoa zake, kisa alisema mwanamke awe huru kumpenda amtakaye na kumwacha anayemtesa.

"Nyie mama zangu," wifi akasema, "yule walimchafua, na mimi wananichafua. Sinyamazi ng'o!"

Bibi zetu wa Kisukuma, Kiswahili hakiwapandi. Wifi naye Kisukuma chake ni cha salamu tu. Mkalimani nilikuwa mimi. Nikawaambia bibi: "Anasema Marekani mwanamke analala na yeyote, na akishinda ataanza na waume zenu."

Zikapigwa kelele! Bibi mmoja akatema mate.

"Wifi, umewaambia nini?"

"Ulichosema."

Akaniamini. Akashindwa vibaya, akashinda mwanaume ambaye kazi yake mikutanoni ni kukuna ndevu na kusinzia. Nikacheka! Mjinga mkubwa mimi.

Masika yaliyofuata mume wangu akafariki. Shemeji zangu wakataka nirithiwe, la sivyo niache shamba la mpunga. Nikakimbilia kwa mwenyekiti wangu, si nilimchagua? Akacheka mpaka ndevu zikatikisika.

"Kumbe mayu, mama yangu, na wewe unataka ule uhuru wa Kimarekani wa kulala na yeyote? Nenda ukarithiwe."

Maneno yangu mwenyewe! Na bibi wale wale wakaitikia kwamba ndivyo.

Aliyenipeleka baraza la kata ni wifi, kwa pikipiki ile ile niliyoisema vibaya. Njiani akaniuliza, "Hivi wifi, wale bibi walinikataaga kwa nini?" Nilikuwa nyuma yake, nimemshika kiuno. Nikamwambia aangalie shimo mbele.

Shamba nimelipata. Yeye hajajua mpaka leo, na ananiita ndugu yake.

Nyie mnaopewa maneno ya mwenzenu myafikishe, yafikisheni yalivyo! Ningeyafikisha, leo ningekuwa na mwenyekiti wa kumlilia.