Usimuvushe Daraja

Kwa sababu mule ndani ya mchezo mutu akikufa unamurudisha, ndiyo maana wenye kucheza hawachoki. Unaniangalia nini? Ulitaka kuuliza, nimeona mudomo ikifunguka.

Mimi sikusoma, lakini ile mchezo naijua. Binti wangu alikuwa anapiga mashine, ile kompyuta, kwa biro moja, ofisi ya mtaa wa Rwezamenyo, anaandikia watu barua. Mimi nauza sambusa pale mlangoni. Bosi wake alikuwa mutu wa Kifaransa mingi. Anashika tai, anakohoa: "Madamu, silivupule, mafuta isiguse orodinateri!" Kisha anakula sambusa tano, vidole vinang'aa. Akitoka, binti anafungua mchezo.

Mule iko watu wane wadogo kama kunguni. Wanatafuta mufalme aliyepotea. Mwanzo hawana kitu, hata panya inawapiga. Pole pole wanapata ngao, wanapata akili. Wewe ndiye unachagua njia, unachagua nani atangulie, na majina unawapa wewe. Yule mwenye ngao, binti akamupa jina la kaka yake.

Kijana wangu alikuwa dereva wa kambi ya jeshi, Kanombe. Vita ilipoanza wakamupeleka kaskazini na lori, na hatukusikia tena kitu. Basi nikaanza kuingia kila siku kuangalia kale kadogo ka ngao. Kutembea yake ilikuwa ya kijana wangu kabisa, kichwa mbele, kama mutu amesikia harufu ya ugali.

Siku ya kwanza binti akazima mashine, akasema, "Mama, nimeshamubika."

We! Kwetu kubika kitu ni kukiweka vizuri. Lakini kubika mutu ni kuja kusema amekufa. Nikaanguka na sinia yangu, nikalia mpaka jirani fundi wa nguo, Mukongomani, akaingia mbio na futi shingoni: "Mama, unaliaka nini? Njo kamutu ka mashini tu!" Mtaa yote ikacheka. Na mimi nilicheka, baadaye. Wakanieleza: mule, kubika ni kumuweka kwa disketi, kesho akikufa unamurudisha pale ulimuacha.

Mashallah, nikasema, nani aliwapa watu wa mashine neno kama hii?

Sasa mule kwa mchezo ilikuwa iko daraja. Ng'ambo, jeshi imejaa. Binti anasema, "Mama, mchezo ni kuvuka." Mimi: "Usimuvushe! Zunguka kwa msitu." Tunazunguka. Tunapata kijiji, tunapata kisima, muzee anauza dawa. Kesho tunapita njia ingine. Mvua ikaanza, mvua ikaisha, hatujavuka na hatujachoka, kwa sababu kila siku iko njia hatujajaribu. Bosi akatukuta, nikajua leo tunafukuzwa. Akavuta kiti, akalegeza tai: "Non, non, mama, mganga wenu atangulie!" Huyo naye akashikwa na mchezo.

Mwisho binti akachoka na woga yangu. Akavuka. Mimi nikafunika uso na kitenge. Nikasikia upanga, kwa-kwa-kwa, kisha kimya, kisha mashine ikaimba, ti-ti-riii. Nikafungua jicho moja. Wote wane wako ng'ambo, na wangu iko mbele na ngao yake! Nikapiga vigelegele mpaka fundi akaacha cherehani.

Palepale askari mmoja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema anatoka Kanombe, alikuwa na kijana wangu kwa lori moja. Nikamuvuta mkono mpaka kwa mashine.

"Baba, karibu, karibu! Ona, amevuka! Ngoja kidogo tumubike kwanza, halafu unipe habari yake."

Binti alikuwa ameshasimama. Askari akaangalia kale kadogo, akaniangalia mimi. Mimi naiga watu wote, lakini sauti ya huyu sijawahi kuiweza.

"Mama, uyo wa mashine mumubike vile munataka," akasema. "Wenu ndiye nimekuja kubika."