Aliyepasua Paini Zangu

Majina ya watu wote waliogusa mbao zangu ninayo. Ninajua la ubatizo na la ukoo, na kwa wengine hata la mama aliyewazaa. Mjukuu wangu mkubwa ameniambia, "Shosho, usiyaandike, bado tunaishi nao." Sawa, siyaandiki. Lakini mtu asije akafikiri nimesahau.

Nyumba yangu ya Soweto West, hapa Kibera, ilianguka wakati wa mvua kubwa. Ilikuwa nyumba ya udongo, marehemu mzee wangu aliisimamisha kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyekanyaga ule udongo. Ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mtaro, ulilainika siku nyingi bila sisi kujua. Jumapili moja tukiwa kanisani ukaenda, na paa likakaa chini kama kuku anayelalia mayai. Mungu alitutoa mle ndani mapema, mimi na wajukuu wangu wawili wasichana.

Mtu asiyeijua Kibera ataniambia, pole mama, utajenga polepole. Polepole gani? Kwetu kiwanja kitupu hakingojei mtu. Ukikiacha wazi unaamka unakuta nguzo za mwingine, na ukiuliza unaambiwa leta karatasi, na karatasi hakuna aliye nayo, hata yule anayekuuliza. Jirani yangu wa upande wa juu ana vyumba vya kupangisha. Udongo wangu haujakauka, akaanza kupanga mawe ndani ya mpaka wangu.

"Hayo mawe ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni ya kukusaidia, mathe. Usiteleze ukipita."

Usiteleze! Nimepita hapo tangu yeye hajaoa. Nikayarusha mawe yake mtaroni, moja moja, akiwa amesimama ananiangalia. Kisha nikafunga turubali juu ya vijiti, nikakaa chini yake mchana na usiku. Wajukuu nikawapeleka walale kwa muumini mwenzangu. Nilikuwa mimi, turubali na jiko, tunalinda kiwanja.

Kazi yangu ni kufua nguo. Kawangware nimefua miaka mingi kwa mama mmoja mwenye ploti, watu ambao walikuwa pale tangu kukiwa shamba la mahindi na ng'ombe. Kwenye ua wake kulikuwa na mstari wa misonobari, sisi tunaiita paini, mirefu. Mwaka huo aliikata yote apate nafasi ya kujenga fleti. Matawi yaliisha siku hiyo hiyo, watu walibeba kuni. Magogo yakabaki yamelala kando ya ukuta, gome likinuka utomvu.

Nikasimama na beseni langu nikayaangalia. Nikaona milango. Nikaona nguzo na kuta.

"Mama, haya magogo utayafanyia nini?"

"Hayo? Yananisumbua tu. Shosho, ukiweza kuyatoa, yatoe. Lakini lori la mawe linakuja wiki ijayo. Likiyakuta hapa nitayachoma."

Alisema hivyo mbele ya wanawake wenzangu wa kufua, na walisikia. Kwa hiyo magogo yakawa yangu, na wiki ikawa yangu.

Sasa gogo la paini mbichi halipandi mkokoteni. Ni zito, na ukilipeleka Kibera utalipitisha wapi, kwenye vile vichochoro vya mtu mmoja? Lazima lipasuliwe pale lilipo, zitoke mbao, ndipo zibebwe. Nikaanza kutafuta mtu wa kupasua.

Wa kwanza alikuwa mwenye yadi ya mbao pale pale Kawangware, ana mashine kubwa ya kupasulia. Alikuja na kijana wake, akazunguka magogo, akayagonga kwa mgongo wa panga. Halafu akacheka.

"Shosho, hii si miti. Hii ni duka la misumari."

Na kweli. Paini zile zilikuwa nguzo za ua. Zilipigiliwa seng'enge miaka na mikaka, zikapigiliwa mabango ya mikutano ya maombi na nyuso za wanasiasa, zikapigiliwa kibanda cha viazi. Mti ukikua unaufunika msumari, huuoni tena. Msumeno wa mashine ukikutana nao unavunjika meno.

"Misumari nitaitoa," nikamwambia.

"Utatoa ya nje. Ya ndani je? Chuma yangu ikikatika utanilipa na nini, na sabuni?" Kijana wake akacheka. Akaendelea, "Na kwani unajenga nini, shosho? Kama ni sanduku lako la mwisho, kuja kwangu, nikupimie moja safi."

Nilimwambia, "Nipimie lako kwanza, unaonekana mgonjwa." Wanawake wenzangu wakapasua kicheko, na yeye akaondoka akitema mate. Lakini kicheko hakipasui gogo. Nilirudi chini ya turubali langu siku ile na hasira zangu, sikupika.

Nilienda kwa wengine, sitawaeleza wote. Mmoja alisema niende na barua ya chifu. Mwingine alisema atakuja kesho, na kesho yake bado haijafika mpaka leo. Huku nikitoka kutafuta, ilibidi rafiki yangu mmoja, mwenzangu wa kufua, akae kwenye turubali badala yangu, kwa sababu jirani alikuwa ameanza tena na mawe yake.

Ndipo nikamkumbuka mtu wa kwetu.

Anakaa Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, ana msumeno wa petroli, ule wa kushika mkononi. Ni mtu wa magharibi ya nchi kama mimi, watu wa ukoo wake na wangu huoana, kwa hiyo huniita senje, yaani shangazi. Kanisani anakaa benchi la mbele, anaongoza wimbo. Nikamwendea nyumbani kwake. Mke wake akatengeneza chai ya maziwa.

"Senje, mbona hukuja kwangu kwanza?" akasema. "Unaenda kudharauliwa na watu wa Kawangware na mimi niko hapa?"

"Yana misumari."

"Toa ile unayoona. Ile nisiyoiona, Mungu ataishika."

Nikamuuliza malipo. Akasema mtu hamlipishi senje yake. Nimpe tu mabanzi, kama ilivyo desturi. Banzi ni kile kipande cha pembeni, chenye gome upande mmoja, kinachotoka gogo linaponyooshwa. Mpasuaji huchukua mabanzi, mwenye gogo huchukua mbao. Desturi hiyo ninaijua tangu nikiwa msichana, baba zetu walipasua hivyo kwa msumeno wa watu wawili. Nikasema sawa, mabanzi ni yako. Tukashikana mikono sisi watatu, mimi, yeye na mke wake, tukafumba macho, akaomba ombi refu. Akanitaja mimi mjane, akataja wajukuu wangu, akataja hata magogo.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa letu sisi watu wa kanisa na wa kwetu. Tukishaomba pamoja tunaona tumepatana. Hakuna anayesema tena, banzi liwe nene kiasi gani. Ungeanzaje kumuuliza mtu swali kama hilo baada ya amina?

Turubali tulimwachia mwingine, mimi na rafiki yangu tukang'oa misumari. Tuliazima nyundo ya kung'olea, pale isipofika tukachimba kwa panga. Mikono ya kufua ni laini kwa maji, ilichanika yote. Mama mwenye ploti alikuwa akitoka nje anaangalia saa yake ya mkononi. "Shosho, lori," anasema, anarudi ndani.

Siku iliyofuata yule mtu wetu akaja na msumeno wake na mtu wa mkokoteni. Akaimba kidogo, akachukua uzi, akauchovya kwenye weusi wa betri kuukuu uliochanganywa na oili chafu, akauvuta kutoka mwisho wa gogo mpaka mwisho, akaudundisha. Unaacha mstari mweusi ulionyooka, na hapo ndipo msumeno hupita. Nilikuwa nimekaa mbali kidogo, nimefurahi. Msumeno ukalia, unga wa mbao ukaruka, harufu ile tamu ikajaa ua mzima. Nikamwambia rafiki yangu, "Leo nimepata nyumba."

Gogo la kwanza likaisha. Mtu wa mkokoteni akapakia mabanzi upesi upesi, akafunga kamba, akaondoka nayo. Nikainuka nikaenda kuangalia mbao zangu.

Zilikuwa chache. Gogo nene lile, nililokuwa siwezi kulikumbatia, limetoa mbao za kuhesabu kwa mkono mmoja. Nikadhani nyingine ziko upande wa pili. Nikazunguka. Hakuna. Nikamwangalia, alikuwa anavuta uzi kwenye gogo la pili, na sasa nikatazama uzi wenyewe. Hakuuweka karibu na gome. Aliuweka ndani kabisa, karibu na moyo wa mti. Banzi lake lilikuwa nene kama ngumi yangu na kiganja juu yake. Pande zote nne hivyo! Anachuna gogo kama mtu anayemenya kiazi kwa panga, halafu maganda ndiyo anaenda kuuza Kibera kwa watu wanaojenga.

Nikaenda nikakaa juu ya gogo la pili, juu ya ule mstari mweusi, na gauni langu la kazi.

Akazima msumeno. "Senje, toka hapo, ni hatari."

"Hatari ni wewe. Hili ni banzi?"

"Ni banzi. Lina gome."

"Hata mlango wangu ungekuwa na gome ungeuita banzi?"

"Tulipatana, senje. Mabanzi ni yangu. Tuliomba."

"Tuliomba Mungu. Hatukumwomba akusaidie kuiba."

Wanawake wa kufua wakatoka kwenye ploti za jirani, mikono ina povu. Rafiki yangu akaja akasimama juu ya rundo la mbao zangu kama askari. Mwingine akauliza kwa sauti, "Huyu si ndiye anaimbisha kanisani? Kumbe anaimba kitu gani?" Wakacheka. Mama mwenye ploti akafungua dirisha: "Malizeni kelele, mimi nataka tu uwanja wangu!" Akafunga.

Mtu wetu akaniinamia, akapunguza sauti. "Senje, unaniaibisha mbele ya watu. Tuko kanisa moja."

"Ndivyo ninavyotaka. Uaibike."

"Basi tuombe kwanza, tutulie, shetani asiingie hapa."

"Mimi siombi na wewe tena," nikamwambia, "mpaka mbao zangu zitoke. Vuta uzi upya. Uvute kwenye gome. Mabanzi yako ni gome na nyama kidogo, kama baba yako alivyochukua na kama baba yangu alivyochukua. Na ukiwasha hiyo mashine na mimi nimekaa hapa, wapigie watu wa kwetu simu uwaambie umempasua senje."

Akasimama. Akaangalia wanawake, akaangalia msumeno wake. Sikuona aibu ya kuiba usoni mwake, niliona aibu ya kuonekana tu. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma. Akachovya uzi tena, akauvuta, nikauangalia kwa macho yangu mwenyewe ulipogusa gome, ndipo nikainuka. Kila gogo lililobaki nililikagua hivyo. Hakuimba tena. Msumeno uligonga msumari mara moja, cheni ikaruka, akanitazama kana kwamba nimeuweka mimi. Akaifunga, akaendelea.

Mbao zilifika Kibera kabla ya lori kufika Kawangware. Nilianza na ukuta wa upande wa jirani. Fundi alitaka kuanza na wa mlango, nikamwambia, hapana, huku kwanza, na nguzo zako zipige pale pale mpaka ulipo, hata kidole kisirudi ndani. Jirani alisimama anaangalia. Hakutaja tena mambo ya kuteleza.

Mbao zilitosha kuta tatu. Ukuta wa nne ulikosa, kwa sababu gogo la kwanza lilishaondoka kwenye mkokoteni. Upande ule nimeweka mabati ya zamani yenye matundu, na mvua ikipigwa na upepo inaingia mpaka kwenye kitanda cha wajukuu.

Wazee wa kanisa walikuja. Walikaa ndani ya kuta zangu tatu, wakanywa chai yangu, wakasema mama, samehe, yule ni ndugu, na ni jambo la mbao tu. Nikawasikiliza mpaka mwisho, siwezi kumkatiza mzee. Kisha nikawauliza: kwake mmeshapita? Walikuwa hawajapita. Mtu aliyeibiwa ndiye aliyetembelewa kwanza, kwa sababu ndiye anayepiga kelele.

Nikawaambia waende wakamweleze alete mabanzi ya gogo la kwanza, au mbao za kiasi hicho, azipigilie mwenyewe kwenye huo ukuta. Siku hiyo nitampikia chai na nitamwita mwanangu. Sasa hivi akiimba kule mbele mimi hukaa nimefunga mdomo, na mchungaji akisema tugeukiane tusalimiane, mikono yangu hubaki ndani ya leso. Wanaona ni ubaya wa mwanamke mzee. Waone.