Pepo Aliyeomba Halua

Mie ni fundi wa kuezeka makuti hapa Temeke, na juzi nimejiaibisha, jamani. Tangu nipatwe na kizunguzungu sikuwa napanda paa. Hata jiko la mama mkwe lilikuwa linavuja, namwahidi kesho, kesho. Dresa wa zahanati akaniambia ugonjwa umo ndani ya sikio. Akanifundisha mazoezi: kila asubuhi nikae kitako, nifumbe macho, nitikise kichwa kushoto na kulia.

Basi juzi natikisa kichwa mkekani, nikasikia harufu ya ubani. Kufumbua macho, mama mkwe kapiga magoti mbele yangu, chetezo mkononi.

"Shikamoo, babu," akasema kwa adabu. "Umempanda mkwe wangu. Wataka nini umwachie?"

Mama mkwe, ninayemwamkia kila siku, ananiamkia mie! Ningemwambia kweli palepale, yakaisha. Lakini uroho wangu! Nikakoroma kwa sauti nzito: "Halua. Na kahawa."

Vikaletwa upesi. Nimejaza mdomo, mara dresa na kaptura yake ya kaki akashuka baiskeli mlangoni.

"Fundi! Yale mazoezi ya kichwa vipi, yanasaidia?"

Mama mkwe akanitazama, akaitazama sahani. Nikaruka, nikatimua mbio hadi uani. Sikushika ukuta, wala sikuyumba.

"Yamemsaidia sana, dresa," nikamsikia akijibu nyuma yangu. "Kesho anapanda kuniezekea jiko."