Baiskeli Imechoka

Mama alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani, Ilomba, Mbeya, sketi ya shule ikiwa chini ya sindano. Hakuuliza habari za watoto. Alisema baba yako siku hizi anashuka kwenye baiskeli njiani, anaikokota, anafika nyumbani midomo imebadilika rangi. Ukimtajia hospitali anasema yeye hana shida, baiskeli ndiyo imechoka. Njoo uifungue, akasema mama. Labda ni kweli.

Kwetu Iringa kila kitu huchoka. Koti huchoka, paa huchoka, hata redio. Mwanaume wa Kihehe wa umri wa baba yangu atakuambia shamba limechoka na ng'ombe amechoka, lakini mwili wake mwenyewe hautaji, na mbele ya binti yake ndiyo kabisa. Kwa hiyo nilipopanda basi asubuhi iliyofuata, na spana zangu na kichupa cha oili ya cherehani kwenye mkoba, nilijua naenda kupima nini. Kama baiskeli ilikuwa mbovu, baba alikuwa mzima. Kama baiskeli ilikuwa nzima, sikutaka kufikiria. Nilimwomba Mungu njia nzima nikute kitu kimevunjika.

Baiskeli yenyewe ni ya zamani, ya gia tatu, na gia zote zimefichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa nje huoni kitu isipokuwa kicheni chembamba cha kubadilishia gia kinachoingia kwenye ekseli. Baba aliitumia miaka yote ya uinjilisti wake, akipanda na kushuka vilima kwenda kwenye makanisa madogo ya Kilutheri ambako gari halifiki. Mafundi wa mjini hawaipendi. Wakiiona wanashauri habu ing'olewe iwekwe ya kawaida, na baba huwajibu kwamba hata wao wana vichwa vya zamani na hakuna aliyewang'oa. Aliifungua mwenyewe siku zote, nami nilimsaidia tangu utotoni, kwa kuwa vidole vyangu ndivyo vilivyoweza kurudisha springi zake, nyembamba kama unywele. Kushona nilijifunza baadaye. Uvumilivu niliupata kwenye ile habu.

Nilimkuta amekaa barazani amevaa koti wakati jua linawaka. Shingo ilikuwa imekonda, na kola ya shati ilimzunguka bila kumgusa. Kamwene, mama, akasema. Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Tukasalimiana kwa kirefu kama ilivyo desturi, tukaulizana habari za Mbeya, za mume wangu, za mahindi, za usharika, na hakuna aliyetaja kifua chake. Kisha akaielekezea kidevu baiskeli iliyoegemea ukutani.

Alisema aliipakia kwenye gari akaenda nayo Rujewa kwa mdogo wake anayelima mpunga, akasaidie mavuno, na huko kuna fundi aliifungua. Tangu hapo imekuwa nzito. Niliposikia hivyo nilitamani kupiga vigelegele. Kuna mtu aliyeifungua habu ya baba bila kuijua. Sikuhitaji habari nyingine njema zaidi ya hiyo.

Nikatandika gunia uani, nikatoa gurudumu, nikalegeza koni zinazobana ekseli, nikavuta mashine yote ya ndani ikatoka kwa pamoja. Na kweli, ilikuwa imejazwa grisi. Grisi nzito ya njano, mpaka kwenye kila pengo. Habu ya namna hii haitaki grisi katikati. Grisi ni ya gololi za pembeni tu. Katikati inataka oili nyepesi, kwa sababu kuna vimeno vidogo ambavyo springi huviinua ili vishike, na vikizama kwenye grisi vinalala. Yule fundi hakuwa mjinga. Kwenye joto la Usangu, huko Rujewa, grisi inabaki laini, aliijaribu baiskeli palepale akaona inakwenda, akaridhika. Hakuwaza asubuhi za Iringa za mwezi wa saba, ambapo grisi ileile inaganda kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria iliyolala nje.

Nilimwita mama atoke jikoni aje kuona. Nikamwonyesha ile grisi kwenye kidole, nikamweleza, naye akacheka kwa sauti, akamwambia baba kwamba ndugu zake wa Rujewa walitaka kumuua. Baba naye akatabasamu. Tulikuwa na furaha, sisi watatu, kwa ajili ya uchafu ule. Mimi nilijua kwamba grisi hufanya gia iteleze, haimbadilishi mtu rangi ya midomo. Nilijua, lakini niliiacha furaha iendelee, maana nilikuwa naihitaji kuliko wao.

Niliosha kila kipande kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Nilikagua kila gia ndogo, jino kwa jino, nikiiinua kwenye mwanga, nikitafuta ufa, pengo, chochote. Hakukuwa na kitu. Vimeno vilikuwa na makali yake na springi zilikuwa hai. Nikatia oili, nikarudisha, nikakaza koni mpaka gurudumu likaacha kucheza, nikarekebisha kicheni. Nilipozungusha pedeli habu ikaanza kulia, tiki tiki tiki, mlio mdogo mkavu. Kwenye gia ya kawaida na ya kasi ndivyo inavyolia ukiwa unakanyaga. Gia ya mlimani peke yake ndiyo iliyo kimya.

Asubuhi iliyofuata baba alivaa kofia, akasema anakwenda mpaka kanisani kuijaribu. Kutoka kwetu hadi kanisani ni tambarare, watoto hukimbia njia ile bila kuhema. Nikasimama kwenye geti kusikiliza. Sikusikia kitu. Kwanza nikafikiri nimekosea kurekebisha kicheni, nikaanza kuwaza nitakavyokilegeza. Kisha nikatazama miguu yake. Ilikuwa inazunguka haraka haraka huku baiskeli ikienda polepole. Baba alikuwa ameiweka gia ya mlimani, na hapakuwa na mlima.

Hakufika kanisani. Alishuka, akashika tandiko kwa mikono miwili, akasimama hivyo akihema. Alipogundua kwamba namwona akaligusa tairi kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayepima upepo. Nilitembea kumfuata, na nilipokuwa natembea nilikuwa nimeshaandaa maneno: kicheni kimekaza, nitakilegeza, turudi. Yalikuwa maneno mazuri. Tungekunywa nayo chai.

Hakuniangalia. Aliuliza, "Ulikuta nini kingine mle ndani?"

"Hamna, baba. Grisi tu."

"Meno?"

"Mazima."

"Springi je?"

"Nzima zote. Nimezihesabu mwenyewe."

Akaiangalia barabara. Mwanamke mmoja alipita na ndoo kichwani, akatusalimia, tukaitikia kama watu wasio na jambo. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele yake, na utu uzima wangu wote haukunisaidia. Sijawahi kumwambia baba yangu neno lolote kuhusu mwili wake.

"Baba," nikasema, "baiskeli haijachoka."

Akatikisa kichwa taratibu, akikubali. Halafu akasema, "Basi nipeleke. Ila mama yako umwambie umenilazimisha."

Tulirudi kwa miguu, mimi nikikokota baiskeli na yeye akijishikilia kwenye keria. Tulisimama mara nyingi, na kila tuliposimama nilijifanya naangalia breki. Uani nilipaza sauti ili na yeye asikie, nikamwambia mama kwamba nimemlazimisha baba aende hospitali na sitaki kusikia ubishi. Mama alinitazama, akamtazama yeye. Akasema nimefanya vizuri, maana mzee huyu bila kulazimishwa haendi popote. Kisha akaingia ndani haraka kutafuta shati la kanisani, nami nikamsikia akipenga kamasi huko chumbani.

Baba alikaa kwenye kiti cha barazani, viatu vyake vizuri vikiwa mbele yake sakafuni. Aliviangalia kwa muda. Mimi nilikuwa nafuta mikono kwa kitambaa, nikisubiri avivae tuondoke.

"Mama," akaniita, kwa sauti ya chini. "Njoo univalishe viatu. Nikiinama, pumzi inakata."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamvalisha.