Washdil na Kamba ya Karezi

Washdil alishika kamba ya karezi yetu kwa miaka ishirini na mitatu, na sidhani kama maneno niliyomsikia akiyasema muda wote huo yangejaza ukurasa. Siku hizi kila nyumba ina pampu yake na kila mdomo una hotuba yake, na maji yanazidi kukimbilia chini. Nikiwaambia vijana kwamba karezi ilikuwa mfereji uliopita ndani ya ardhi kutoka mlimani mpaka mashambani, wenye visima vya kushukia njia nzima, wananitazama kama ninayesimulia habari za majini. Basi naandika mimi, kwa sababu mwenye haki ya kusimulia hakuwa msemaji.

Tulikuwa wanne. Hammal alichimba chini. Washdil, shemeji yake, kaka wa mkewe, alisimama juu penye gurudumu la mti. Kamba ya gurudumu hilo ilifungwa kiunoni mwa Hammal na kupita kwenye kiganja cha kushoto cha Washdil. Dad Karim alivuta mifuko ya udongo na kutuchekesha. Mimi, waliyeniita mzee, nilikuwa mkuu wa kikosi.

Futi themanini chini, sauti ya mtu haifiki ila mwangwi. Hammal alisema kwa kamba. Mivuto miwili: toeni udongo. Mitatu: teremsheni taa. Kulikuwa pia na mtetemo usio na hesabu, na maana yake ni kwamba ardhi inasogea, nitoeni. Huo Washdil aliujua kabla haujawa mtetemo. Mara mbili nilimwona akianza kuzungusha gurudumu sisi tukiwa hatujaona kitu, na mara zote mbili Hammal alitoka huku udongo ukiporomoka nyuma yake.

Mwaka wa tatu wa ukame shirika moja lilikuja kutusaidia kufukua karezi. Pamoja na saruji likatuletea kijana wa chuo kutoka mji wa Quetta, Zahoor, mpole, viatu safi. Alisema anajifunza jinsi vikundi vidogo vinavyowasiliana. Vitabuni ameshasoma, sasa anataka kuona kikundi chenyewe. Siku tisa alikaa mkekani na daftari. Alichora viduara vinne, na kila mmoja wetu alipomsemesha mwenzake, alipiga mstari kutoka kiduara kimoja hadi kingine.

"Eti Zahoor," Dad Karim alimwuliza, "nikipiga chafya unampigia nani mstari?"

"Atakayekuombea afya."

"Basi mpigie mbuzi wa mzee. Hawa wengine hawana adabu."

Tulicheka. Washdil alitazama kamba.

Siku ya tisa akaja mhandisi wa shirika, na Zahoor akasoma hesabu yake. Dad Karim, mistari mia mbili na kumi na minne. Mimi, mia moja na tisini. Hammal, thelathini na mitano, yote wakati wa chai. Washdil, sita. "Mjumbe huyu hashiriki," alisoma.

"Kamba si ndiyo mawasiliano yenu?" mhandisi alisema. "Inashikwaje na mtu asiyewasiliana? Apewe huyu mchangamfu."

"Bwana, sikumaanisha hivyo," Zahoor alisema, kwa sauti ndogo.

"Mzee," Hammal aliniambia, "anayeshuka ni mimi. Nataka shemeji yangu pale juu."

"Unaogopa nitakuimbia?" Dad Karim alimtania.

"Naogopa utanisahau, bwana wee, ukianza hadithi zako."

Mhandisi akaniuliza mimi kama mkuu. Nilikuwa nimeliona lile daftari. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na nilijua kusoma picha pia: mistari mingi ilikuja kwangu, kiduara changu kikiwa katikati. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakuna aliyewahi kunichora katikati ya kitu chochote.

"Tujaribu," nilisema.

Washdil alifungua kipande cha ngozi alichokivaa kiganjani, akampa Dad Karim. "Usiikaze sana," alisema. Zahoor akapiga mstari wa saba.

Siku ya tatu baada ya hapo Dad Karim alikuwa akisimulia habari za bwana harusi aliyeangukia sufuria la pilau. Mkono wa kulia ulikuwa hewani, ukionyesha miguu ya bwana harusi. Washdil, ambaye sasa ndiye aliyebeba mifuko, hatua thelathini kutoka pale, aliitupia jicho kamba, akatupa mfuko akakimbia.

"Vuta!" alipiga kelele. "Mvute!"

"Hajaomba kitu huyo, tulia wewe—"

Chini kulisikika kishindo kizito. Vumbi likapanda kisimani.

Paa la mfereji lilikuwa limeangukia kati ya Hammal na kisima. Kumvuta kwa nguvu kungemkata katikati. Tuliteremka kisima cha pili, tukaanza kuchimba kumwendea kwa upande ule. Washdil alikaa juu, kamba kiganjani, bila ngozi, na Zahoor, aliyekuwa bado hajarudi kwao, akapiga magoti kando yake. Kila nilipopanda kuvuta pumzi niliuliza.

"Yupo?"

"Yupo."

Adhuhuri Zahoor alimwuliza, "Anasema nini?"

"Mivuto miwili. Anataka tutoe udongo."

"Jibu, kaka! Mwambie tunautoa!"

"Nimemwambia."

Saa tisa alasiri nilipopanda, uso wa Washdil ulikuwa umebadilika. "Sasa anavuta mmoja mmoja," alisema.

"Mmoja ni nini?" Zahoor aliuliza.

"Hatukuwahi kuwa na mmoja."

Nilirudi chini. Nilipopanda tena kamba ilikuwa imelazwa juu ya udongo, imenyooshwa vizuri, na Washdil alikuwa akitawadha. Tulimfikia Hammal kabla ya magharibi.

Hakuna aliyekubali kushuka tena. Shirika likatutobolea kisima cha pampu badala yake, na karezi iliyowanywesha babu zetu ikawa shimo la kutupia takataka. Zahoor alikuja kwenye arobaini bila daftari, akakaa kando ya Washdil tangu chakula mpaka chai, wala hawakusemeshana. Mimi ndiye niliyeongea siku ile, niliongea sana.

Washdil aliishi miaka kumi na sita mingine, akiwalea watoto wa dada yake. Hakunisemesha tena hata siku moja. Watu hawakugundua, maana hata zamani hakuwa msemaji. Mimi niligundua.